Maksai wawili na kompyuta moja

Mwezi wa tisa mwaka 2025, baada ya sala ya Isha, mwanangu wa kwanza alikuja kuketi mkekani mbele yangu, hapa nyumbani Ziba, akiwa na karatasi mkononi. Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumepata habari njema: amechaguliwa kusomea usanifu wa majengo katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Mama yake alipiga vigelegele, majirani wakaja kutupa mkono wa pongezi, nami nikasujudu sijida ya kushukuru. Kwa hiyo nilidhani karatasi ile ni orodha ya mashuka, ndoo na madaftari.

Haikuwa hivyo. "Baba," alisema, macho yake yakitazama chini, "fani yetu inahitaji kompyuta mpakato yenye nguvu. Nimewauliza waliotangulia. Wanasema inayofaa ni kompyuta ya gemu."

Ya gemu! Ndugu msomaji, mimi ni mkulima wa pamba na mpunga, na kila jioni husomesha watoto madrasa. Hapa kwetu kuna kibanda cha gemu, na nimeshawahi kuwafuata humo watoto wa madrasa zaidi ya mara moja, msahafu uko nyumbani na macho yao yako kwenye kioo. Neno lile lilinichoma. Nikamjibu kwa ukali, mbele ya mama yake na mbele ya dada yake, kwamba jasho langu halikutoka shambani ili yeye akacheze mjini. Kijana alikunja karatasi yake mara nne. "Nimekuelewa, Baba," alisema, akaondoka. Kwa muda wa wiki nzima alinisalimu, alinihudumia chakula na kulisha ng'ombe, lakini habari ya kompyuta hakuitaja tena.

Aliyeitaja ni mdogo wake wa kike, ambaye wakati huo alikuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Aliikuta ile karatasi, akaikunjua, akaniomba ruhusa ya kunisomea. Sikukataa. Kumbe ilikuwa kazi ya mtu mzima! Alikuwa amechora jedwali kwa rula: upande mmoja programu ambazo atazitumia chuoni, upande wa pili kile ambacho kila programu inakihitaji, na upande wa tatu bei. Chini kabisa aliandika sentensi moja: "Baba asiuze zaidi ya maksai wawili."

Nilijisikia vibaya. Nilikuwa nimemhukumu mtoto kwa neno moja bila ya kusikiliza la pili. Usiku ule nilimwita, nikamwomba radhi mbele ya walewale niliomkaripia mbele yao. Kisha nikamwambia anieleze taratibu, kama mwalimu anavyomweleza mwanafunzi.

Maelezo yake nitayafupisha hapa, maana najua kuna wazazi wengine wanaolitazama swali hili na hawana wa kumwuliza. Kompyuta ya kawaida ya ofisini hutengenezwa kwa ajili ya kuandika barua, kupiga hesabu na kusoma. Picha zake huchorwa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya kichakataji kikuu. Mwanafunzi wa usanifu hachori mistari mitupu. Hujenga nyumba nzima ndani ya kompyuta, ina kuta, paa, kivuli na mwanga wa jua, kisha huizungusha ili kuitazama kila upande. Kazi hiyo huhitaji kadi ya michoro inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake yenyewe. Na kadi za namna hiyo ndizo wanazozihitaji wacheza gemu, kwa kuwa gemu nayo ni nyumba, barabara na watu wanaozungushwa mbele ya macho. Chombo ni kimoja, watumiaji ni wawili. Ndiyo maana mwanafunzi asiye na fedha nyingi akitafuta kompyuta ya kuchorea, mara nyingi huiona kwanza kwenye rafu ya kompyuta za gemu.

Nilimwuliza swali lililokuwa limebaki: "Na wewe utaitumia kwa lipi?"

Alinyamaza kidogo. "Baba, sitaki kukudanganya. Nitachora, na nitacheza pia. Mpira wa kwenye kompyuta naupenda tangu kidato cha pili. Niliuchezea kwenye kibanda kile unachokichukia."

Nakiri kwamba jibu hilo lilinipa shida kuliko uongo ambao ningeutambua. Lakini kijana anayemwambia baba yake ukweli unaomwumbua, wakati ambapo uongo ungempatia alichokitaka, amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kuaminiwa na mali. Kesho yake nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu. Hakunipa hukumu nzito. Alisema mchezo wenyewe si tatizo ikiwa haumo ndani yake kamari, uchafu wala kupoteza sala, na kwamba mwenye kuuliza kuhusu gemu aulize kwanza kuhusu muda. Nilirudi na masharti matatu: hakuna kubeti wala kununua visanduku vya bahati nasibu ndani ya mchezo, hakuna mchezo wakati adhana imekwisha kutolewa, na hakuna mchezo wakati kazi ya chuo haijakamilika. Kijana aliyakubali yote, akaomba moja la kwake: "Usiniulize kila siku, Baba. Niulize matokeo."

Yakabaki mambo ya fedha. Tulikuwa na maksai wanne, yaani jozi mbili za kulimia. Jozi moja niliipeleka mnadani, nikapata shilingi 1,700,000. Nauli na gharama za mwanzo zilitoka katika pamba. Fedha ya maksai ndiyo iliyokuwa mpaka wetu.

Mpaka huo nilikaribia kuuvuka. Katika duka moja la mjini tulionyeshwa kompyuta mpya ya gemu, taa zinawaka chini ya vibonye, bei shilingi 2,450,000. Kijana hakusema neno, lakini nilimwona alivyoigusa. Mwenye duka alisema nilipe 1,700,000 papo hapo, kisha nimalizie 900,000 kwa miezi kumi badala ya 750,000 zilizobaki. Mtu mwingine aliyekuwa pale alinong'ona kwamba anawafahamu watu wa mikopo ya haraka, ile inayoitwa na watu kausha damu, na fedha ningeipata kabla ya Adhuhuri. Fomu ya duka niliichukua. Nilikwisha kujaza jina langu.

Mama watoto ndiye aliyenizuia. Nilipomwonyesha fomu ile aliisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini, kisha akaniuliza maneno matatu tu: "Na huyu binti?"

Sikuwa na jibu. Binti yetu naye, Mwenyezi Mungu akipenda, angekwenda kidato cha tano, na baada yake chuo. Deni la miezi kumi lingekula fungu lake kabla hajalifikia. Dini yetu imetuamuru tuwafanyie watoto wetu uadilifu katika tunachowapa, na mara nyingi tunadhani amri hiyo inahusu nguo za Idi na mashamba ya urithi. Mimi nilikuwa karibu kumpa mmoja kwa kumkopesha mwingine bila ridhaa yake.

Yalikuwapo pia yale maandishi madogo. Sheikh alinifafanulia hivi. Kuuza kwa malipo ya muda kwa bei iliyo juu ya ile ya taslimu, wanazuoni wengi wamekuruhusu, ilimradi bei moja ikubaliwe mwanzoni na isibadilike. Lakini fomu ile ilisema kwamba nikichelewa, deni litaongezeka kila wiki. Nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba. Mkopo wa kausha damu hata haukuhitaji maelezo. Fomu niliichana, na tukarudi kwenye 1,700,000 zetu.

Katika ukoo wetu kuna habari inayosimuliwa kuhusu babu yake baba yangu, aliyekuwa mpagazi katika njia ya misafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa kilo 30 hivi, usiohesabu mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Siku ya kuondoka ilikuwa siku ya ugomvi, kwa sababu kila mmoja alitaka kuupima mzigo kabla ya kuupokea. Inasemekana mzee yule aliuinua mzigo wake mara mbili: mara ya kwanza ili kujua kama ataweza kuunyanyua, mara ya pili ili kujua kama atafika nao. Nilipokuwa mtoto niliona ni hadithi ya kuchekesha. Mbele ya fomu ile niliielewa. Kuinyanyua 2,450,000 ningeweza. Kufika nayo nisingeweza.

Nina mpwa wangu Kariakoo, fundi wa kompyuta. Nilimpigia simu, akanijibu, "Mjomba, msinunue chochote huko. Njooni, na mje na ile karatasi." Tulipanda basi, tukapita Singida, Dodoma na Morogoro, tukaingia Dar es Salaam usiku. Siku mbili zilizofuata zilinifundisha mengi.

La kwanza ni kutotishwa na namba kubwa. Muuzaji mmoja alituonyesha kompyuta yenye alama ya i7 kwa shilingi 900,000, nami nikafurahi, maana saba ni zaidi ya tano. Mpwa wangu alinionyesha tarakimu zinazofuata. Ilikuwa i7-4600U. Ile nne ya mwanzo, alisema, ni kizazi cha nne, na herufi U huashiria kichakataji kinachotumia umeme kidogo. Kando yake kulikuwa na i5-10300H: kizazi cha kumi, na H ni ya kazi nzito. Huyu mdogo wa jina alikuwa amemwacha mbali yule mkubwa. Tena, Windows 10 ilikuwa inafikia mwisho wa huduma zake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa vichakataji vya Intel, kwa ujumla huanzia kizazi cha nane. Mwenye kununua kizazi cha nne kwa ajili ya miaka kadhaa ya chuo ananunua ng'ombe asiye na meno.

La pili ni kuuliza juu ya kadi ya michoro kabla ya jambo jingine lolote: ipo au haipo, na kumbukumbu yake ni kiasi gani. Kwa fedha yetu tuliweza kupata yenye gigabaiti 4, ambayo mpwa wangu alisema inatosha kuanzia. Kumbukumbu ya RAM iwe gigabaiti 16, au ianze na 8 ikiwa kuna nafasi ya kuongeza. Diski iwe ya SSD, maana ile ya zamani inayozunguka humfanya mtu asubiri kila anapofungua kazi.

La tatu ni kwamba kompyuta zilizotumika zina njia mbili. Zipo za gemu, na zipo zile zilizokuwa za wahandisi maofisini, kama Dell Precision, HP ZBook na Lenovo ThinkPad za jamii ya P, ambazo nazo zina kadi za michoro na ni imara. Mwanangu alizitazama zote kwa haki. Ile ya ofisini tuliyoikuta ilikuwa ya bei nafuu, ila kichakataji chake kilikuwa cha kizazi cha saba. Ingekuwa ya nane au zaidi, huenda ndiyo tungeichukua. Mzazi asikae na jina la gemu au la ofisi. Atazame kilichomo.

La nne, na hapa ndipo fedha nyingi za watu hupotea, ni kupima kabla ya kulipa. Mpwa wangu alichagua kompyuta moja ya gemu iliyotumika, yenye kile kichakataji cha kizazi cha kumi, GTX 1650 yenye gigabaiti 4, na RAM ya gigabaiti 8. Bei ilikuwa 1,350,000. Aliomba dakika 40. Aliiwasha kwanza bila chaja, kisha na chaja. Aliendesha mchoro mzito hadi feni ikanguruma, akaweka kiganja juu ya vibonye kama mtu anayempima mtoto homa. Alitoa ripoti ya betri, ikaonekana kwamba imebakiwa na theluthi mbili ya uwezo wake wa awali. Alipima afya ya diski. Aliweka kioo kuwa cheupe kitupu kutafuta madoa. Alijaribu kila kibonye na kila tundu. Alizima na kuwasha tena ili kuona kama kuna nywila ya kampuni iliyofichwa, maana kompyuta iliyofungwa na mwenyewe wa awali inaweza kugeuka jiwe mikononi mwako. Mwisho aliomba kufungua kifuniko cha chini, akaona nafasi ya pili ya RAM ipo wazi.

Kwa sababu ya betri, bei ilishuka hadi 1,280,000. Tulidai risiti yenye namba ya kompyuta. Mpwa wangu alisema risiti inamlinda mnunuzi. Mimi niliongeza kwamba inamlinda pia na mali ya wizi, maana elimu inayotafutwa kwa chombo cha haramu haiwezi kuwa na baraka.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Kompyuta 1,280,000. RAM ya kuongeza, gigabaiti 8, shilingi 70,000. Diski ya nje ya kuhifadhia nakala za kazi, 130,000. Mkoba imara, 40,000. Jumla 1,520,000. Programu hatukuzinunua: kampuni ya Autodesk huwapa wanafunzi waliothibitishwa programu zake, kama AutoCAD na Revit, bila malipo, na Blender ni ya bure kwa kila mtu. Hapo hapo Kariakoo tuliahidiwa programu zote "zilizofunguliwa" kwa elfu ishirini. Kijana mwenyewe alikataa, nami nikafurahi kwamba sikuhitaji kusema.

Zilibaki 180,000. Niliporudi Ziba nilizikabidhi kwa mama watoto, akaziweka kwa jina la binti.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba hakuna tulichokipoteza. Kompyuta ile pamoja na chaja yake ni mzigo. Chaja peke yake ni kama tofali. Bila umeme haifiki saa mbili ikiwa kazi ni nzito, hivyo kijana hutafuta meza iliyo karibu na soketi. Feni yake hunguruma, na amelazimika kuacha kuchora maktaba kwa kuwaonea haya wenzake. Na sisi huku, mvua zilipoanza tulikuwa na plau moja badala ya mbili. Sehemu ya shamba tulichelewa kuilima, na ekari nyingine tulilima kwa maksai wa jirani, nami nikamlipa kwa siku zangu za palizi. Pengo la maksai wale tutaendelea kulihisi msimu ujao.

Lakini kabla muhula wa kwanza haujaisha, simu ya mama watoto ililia, ikaingia picha. Ilikuwa nyumba. Si ghorofa la Dar es Salaam. Ilikuwa tembe, ile nyumba ya wazee wetu yenye kuta nene za udongo na paa la bapa, na uani mti wa mwembe ukiangusha kivuli cha alasiri. Mwalimu aliwataka kila mmoja achore nyumba ya kwao. Niliitazama muda mrefu. Kivuli cha mwembe kilikuwa upande wake sawasawa.

Nilimpigia. Nilitaka kumwuliza kama anacheza, nikakumbuka ombi lake. Nikauliza matokeo. "Alhamdulillah, Baba, nimefaulu masomo yote, moja kwa shida." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza: "Na mpira ninacheza Jumamosi, baada ya Isha."

Wazazi wenzangu mnaojiandaa kuwapeleka watoto vyuoni, nina machache ya kuwaachia. Msikilizeni mtoto hadi mwisho wa karatasi yake. Wekeni mpaka wa fedha kabla ya kuingia dukani, na mpaka huo umhesabu mtoto wa pili. Yasomeni maandishi madogo. Tafuteni mtu mwaminifu mwenye ujuzi, hata kama yuko mbali kwa nauli ya basi, kwa sababu nauli hiyo ni ndogo kuliko hasara. Na mnapojiona mmekosea mbele ya watoto, ombeni radhi mbele yao hao hao.

Juzi nilimkuta binti yangu mkekani na rula. Naye ameanza jedwali lake. Sikumwuliza ni la nini. Nilivaa miwani, nikaketi kando yake, nikatazama safu ya kwanza. "Hii hapa," nilimwuliza, "ni kizazi cha ngapi?"